Paka Walioombwa kwa Mdomo

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, kama nyumba zote za Kariakoo zilivyokuwa kabla watu hawajaanza kupandana juu kwa maghorofa. Baba aliijenga, mie nikazaliwa humo, nikaolewa nikitokea humo, nikaachika nikarudi humo humo. Sasa ndugu zangu wameingia ubia na tajiri mmoja: yeye avunje, ajenge ghorofa, kila mtoto wa baba apate fleti yake. Nilikubali. Sikukubali kwa moyo, nilikubali kwa magoti. Paa likivuja mtu anasogeza kitanda, na mie nilikuwa nimekisogeza mpaka kikakosa pa kwenda.

Mwanangu anakaa Upanga, ghorofa ya tatu. Akaniambia, "Mama, utakaa kwangu mpaka jengo liishe. Chumba kipo. Ila paka hapana. Mwenzangu ana pumu, unamjua."

Namjua. Nilimwona akitafuta pumzi mdomo wazi kama samaki wa kwenye beseni, kisa alinikumbatia na kanga yangu ina manyoya. Mkwe wangu ni mtu mwema na sitaki kumzika. Hilo sikubishana nalo.

Basi kabla mabati ya mkandarasi hayajazungushwa pale kwetu, ilikuwa lazima paka wapate kwao. Wakibaki ndani watafukiwa na matofali, wakitoka nje watakanyagwa. Mambo yalikuwa hayo mawili tu.

Walikuwa sita. Kulikuwa na shume mweusi mwenye jicho moja, mzee, masikio yamechanika kwa vita vya ujana wake. Kulikuwa na jike la madoadoa na wanawe watatu ambao ndio kwanza wamefumbua macho wakajua dunia ina dagaa. Na kulikuwa na kijana mmoja wa rangi ya maboga, mzuri mpaka anajijua, anayelala kwenye dirisha la barabarani ili apate kutazamwa.

Sikuwahi kununua paka wala kuomba paka. Waliletwa. Miaka nenda miaka rudi, nikifungua mlango alfajiri nakuta boksi la sabuni kizingitini, na boksi linalia. Aliyeliweka simjui, hajapiga hodi, hajaacha salamu. Wengine walikufa, wengine walikua wakaenda zao, wengine walichukuliwa na wapangaji waliohama. Sikulirudisha boksi hata moja, kwa sababu aliyekwishafika mlangoni kwangu ni mgeni, na sie hatukulelewa kumwambia mgeni arudi alikotoka. Ila nilikuwa nachoka. Hilo nalo sikumwambia mtu.

Siku moja nikaenda hitimani Ilala, kwa shoga yangu wa tangu utotoni aliyefiwa na shemeji yake. Baada ya dua sinia za pilau zikashuka, wanawake tukakaa mkekani, na mazungumzo yakaanza kutembea. Nikasema nyumba inavunjwa. Wakasikitika vizuri. Nikasema kinachonikosesha usingizi si nyumba, ni paka.

"Paka?" akasema shoga yangu, shavu limejaa nyama. "Niwekee mmoja. Panya wa kwangu sasa wanavaa viatu."

"Na mie niwekee," akasema mwanamke wa pembeni yake. "Ila nataka yule wa maboga. Nilimwona dirishani siku ile nimepita kununua vitenge."

"Huyo wa maboga wangu," akadakia mwingine. "Nimemwona kabla yako."

"Ulimwona ukamwachaje?"

"Nilikuwa na mizigo."

Mjane mmoja mnene, mwenye nyumba yake Buguruni, akanyoosha mkono wenye mafuta kama anayepiga kura. "Mama na wanawe niwekee mie wote. Uani kwangu kupana, wataranda mpaka wachoke."

"Na shume je?" nikauliza.

"Shume kaa naye mwenyewe, mko rika moja," akasema shoga yangu. Wakacheka, na mie nikacheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu, mbavu zikauma.

Nikarudi nyumbani mwepesi. Usiku ule nililala kama mtu aliyeoza binti zake wote kwa mkupuo.

Haikupita wiki akaja mama wa dukani. Huyu ana duka la nafaka mtaa wa pili, anauza kwa jumla: mchele, maharage, dengu. Kwao Kilimanjaro, aliletwa Kariakoo bado msichana, ameolewa hapa, amezika mume hapa. Tulikuwa tunasalimiana barabarani miaka na miaka bila kukaa pamoja hata siku moja. Akasimama mlangoni, tenga tupu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Sikai, nimeacha vijana peke yao dukani. Nasikia unagawa paka."

"Sigawi. Nawatafutia watu."

"Basi umeshampata mmoja. Nataka huyo jike na watoto wake. Panya wameingia kwenye maharage, wanatoboa magunia, naokota mzigo sakafuni kama kuku. Jike mwenye watoto anawinda, na watoto wanajifunza kwake."

"Hao wameshaombwa."

"Na nani?"

"Watu wa Ilala na Buguruni."

"Wanakuja lini?"

"Wakipata nafasi."

Akanitazama. Ana jicho la mtu anayepima kilo. "Mama, mimi mtu akiniambia niwekee gunia, namwekea mpaka adhuhuri. Adhuhuri ikipita, nauza."

"Hawa si magunia."

"Ndiyo. Gunia halili." Akahamisha tenga mkono wa pili. "Haya mama. Watu wako wakikosa nafasi, niko dukani."

Akaenda. Hakukaa, hakunywa maji, hakuuliza hata nimeamkaje. Nikamwona kama mposaji aliyekuja bila wazee, kasimama kizingitini anaulizia binti huku anaangalia saa. Nilijisikia nimefanya la heshima. Paka wangu wana watu, tena watu niliokula nao sinia moja.

Nikakaa nikawangoja watu wangu.

Kungoja kukawa kazi yangu. Wapangaji walikuwa wanahama, mmoja leo mmoja kesho, na mlango ambao miaka yote nilikuwa naufunga kwa komeo sasa unashinda wazi, makabati yanatoka, vitanda vinatoka. Kijana wa maboga akatoka nao. Barabara yetu unaijua ilivyo kuanzia asubuhi: mikokoteni, pikipiki, maguta ya mizigo yenye magurudumu matatu, watu wenye marobota kichwani wanaopiga mluzi uwapishe. Guta lilikuwa limebeba vigae. Mwendeshaji alisimama, sitamsingizia, akashuka akasema, "Pole bibi, ameingia mwenyewe." Kweli aliingia mwenyewe. Hakuwahi kuijua barabara zaidi ya kuitazama kwa dirisha.

Nikamfunga kwenye kipande cha kanga, nikamchimbia uani. Ardhi ngumu, mikono haina nguvu, ilinichukua mpaka adhana ya alasiri. Aliyeombwa na wanawake wawili wakimgombea, akazikwa na mtu mmoja.

Ndipo nikachukua simu nikampigia shoga yangu.

"Lini unakuja kuchukua paka?"

"Paka gani?"

"Uliyesema nikuwekee."

Akacheka, lakini cheko la kusogeza jambo pembeni. "Nawe. Yale si maneno ya mkekani tu? Ulitaka nikae kimya mwenzangu unalia?"

"Sikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia bila machozi. Nakujua tangu tuna meno ya utoto."

Ningekuwa mie ningesema vile vile. Mara ngapi nimemwambia mpita njia karibu chakula na sufuria imebaki ukoko? Angeingia akakaa ningemwona hana adabu. Sie watu wa huku hatuna mdomo wa kusema hapana. Tunasema inshallah, tunasema tutaangalia, tunasema nitakutafuta, na mwenzio anayejua lugha anashika njia yake bila kinyongo. Mie lugha hiyo ni yangu, nimeinywa kwa ziwa la mama. Siku ile tu nilikuwa nimechoka, nikaisikia kama mgeni.

Nikampigia na mjane wa Buguruni ili nisijilaumu. Akaniambia ngoja amuulize mwenye nyumba. Nyumba ni yake, aliachiwa na marehemu. Nikamwambia asante, mwenyewe akipatikana anijulishe.

Mwanangu akapiga kuuliza nimefikia wapi. Nikamwambia nimefikia mwanzo. Akasema karibu na kwake kuna duka la dawa za mifugo, ndani kuna daktari wa wanyama, niende labda wanajua pa kupeleka. Jirani yangu mwingine alinishauri Feri, sokoni kwa samaki, niwatie kwenye gunia niwaachie kule, watakula matumbo ya samaki. Nilishawaona paka wa Feri. Ni wengi kuliko vichwa vya samaki, na kila mmoja amefika kwa gunia la mtu aliyesema atakula matumbo. Nikapanda bajaji kwenda Upanga.

Pale dukani nikamkuta binti mmoja, mtandio wake umenyooka, kucha safi. Akanipa shikamoo, akanipa kiti. Nikamweleza nina paka watano na nyumba inaondoka.

"Hapa hatuchukui, bibi," akasema. "Tunatibu tu na kuchanja. Lakini usiwe na wasiwasi, pa kuwapeleka papo." Akainama akateremsha sauti kama anayenionyesha mahali pa kununua sukari wakati wa uhaba. "Kuna bibi mmoja Kariakoo, anakaa nyumba ya zamani, mlango wa kijani, baraza imemeguka pembeni. Huyo hakatai paka. Watu wengi tunawaelekeza kwake. Ila usipige hodi. Weka boksi alfajiri uondoke, ukipiga hodi anakuwa mkali."

Nje gari lilikuwa linarudi nyuma, linalia ule mlio wake. Miaka yote ile nilidhani maboksi yanaletwa na shida za watu wa mtaani kwangu. Kumbe yalikuwa na njia, na njia ilikuwa na mtu anayeielekeza.

"Nani kakwambia ni mkali?" nikamuuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Hajapigiwa hodi hata siku moja, huo ukali wameuonea wapi?"

Akanitazama usoni, kisha kanga yangu, kisha akatazama manyoya kwenye kanga yangu. Nikaona inamwingia taratibu.

"Bibi," akasema, "ni wewe?"

"Ni mie. Na mlango wa kijani keshokutwa unang'olewa."

Akashika shavu. Akaomba radhi, akaomba tena. Nikamwambia radhi nimeipokea, ila wanaokuja aanze kuwaambia bibi kahama. Hata akiwaambia kafa sitamdai, mradi maboksi yasimame.

"Ngoja nizungumze na daktari," akasema, "halafu nitakupigia, inshallah tuone kama…"

"Mwanangu, Mungu usimtie hapo. Kama ni hapana, niambie hapana. Nimezeeka, nikingoja naumia."

Akafikiri. Namsifu kwa hilo, alifikiri kwelikweli. "Hapana bibi. Kuwachukua hatuwezi. Hata mmoja."

Huwezi kuamini, neno lile lilinipoza. Ni kama mtu amekupa kigoda baada ya kusimama kutwa nzima.

Kisha akasema jambo la maana. Watu wanakataa jike kwa sababu ya kuzaa. Watoto wakishaacha kunyonya, huyo jike aletwe, daktari atamfunga kizazi bila kunidai, kwa ajili ya yale maboksi. Mie kwanza likanitisha, kumkata kiumbe alichopewa na Muumba. Lakini nimezaa watoto wanane, na baada ya yule wa tano kama kuna mtu angeniuliza, ningempa jibu kabla hajamaliza swali. Nikasema sawa.

Nikarudi Kariakoo. Nikapita mbele ya duka la nafaka kama sina shida, nikasimama nikawa napapasa dengu.

Mama wa dukani alikuwa anafunga mfuko wa mteja. "Karibu mama. Dengu au paka?"

"Paka."

"Wale wa Ilala?"

"Wamekosa nafasi."

"Wamekosa nafasi," akarudia, akafunga fundo. Nikangoja aniseme. Nilikuwa nimejiandaa, shingo nimeinyoosha, kama ni kusemwa nisemwe nimesimama. Hakunisema. Akamfukuza kijana wake mmoja kwenye kigoda akanikalisha mie.

"Jike na watoto nachukua," akasema. "Watakula dagaa jioni. Asubuhi wafanye kazi."

"Sumu umetega?"

"Nilitega. Nimetoa. Ingia uangalie."

Niliingia. Watu wangesema mwanamke gani huyu, anaomba na bado anakagua. Nilipita nyuma ya magunia nikainama kila pembe mpaka kiuno kikagoma. Hakukuwa na sumu. Kulikuwa na giza zuri, na mavi ya panya ya kutosha.

Jike likishaacha kunyonyesha, nikamwambia, litapelekwa Upanga likafungwe kizazi. Akasema atalipeleka mwenyewe, yeye hataki duka la paka.

"Na shume?" nikamuuliza. "Yule mweusi."

"Hapana mama. Huyo ni mzee, meno yameisha. Na kuna wateja wangu wakimkuta mweusi wa jicho moja mlangoni asubuhi, watatema mate chini waende kununua kwingine. Hapana."

Nikamshukuru kwa hapana yake kama nilivyomshukuru kwa ndiyo yake.

Sasa sikiliza nilichofanya. Huku kwetu anayemhamisha paka anamtia kwenye gunia asione njia, au sivyo atarudi. Hilo hata mtoto analijua. Lakini gunia ni la watu wanaokwenda kutupa Feri, na mie sikuwa natupa. Nilikuwa natoa. Nikaona haya kumpitisha mtaani kwenye gunia kama kuku wa wizi. Watoto nikawaweka kwenye kikapu, mama yao nikamviringisha kwenye kanga yangu mpya, kichwa nje, nikambeba kifuani nikatembea naye mchana kweupe, katikati ya watu.

"Bibi, unampeleka wapi huyo, kliniki?" akaniuliza kijana muuza soksi.

"Kwa mumewe."

"Mahari wametoa?"

"Dagaa."

"Basi mumpe na soksi." Watu wakacheka, na mie nikapita nimenyooka. Na paka naye kichwa nje, anatazama kila duka, kila nguzo, kila kona, kama anayesomeshwa.

Kesho yake mafundi wakaezua paa. Nilikuwa chumbani kwangu nafunga vyombo vya mwisho, juu yangu mbingu, mchanga unaniingia machoni. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Nikaona kitu kinapita chini ya mabati ya uzio. Ni jike. Ana mtoto mmoja mdomoni, amemshika kwa ngozi ya shingo, mtoto amekunja miguu. Alivuka mitaa miwili ya Kariakoo na mtoto mdomoni, kati ya miguu ya wachuuzi na magurudumu ya mikokoteni, akaja akamweka pale pale kilipokuwa kitanda changu. Akaniangalia. Kisha akageuka anakwenda kuwachukua wenzake.

Nikasimama mkono kiunoni. Sikuwa na nguvu ya kumwita wala ya kumfukuza. Ukuta wa chumba cha pili ulikuwa umeshapigwa nyundo, kesho ni wa kwangu, na yeye anahamia. Njia yote aliijua, kwa kuwa nilimwonyesha mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa maringo yangu.

Hakufika mbali. Mama wa dukani alikuwa anaingia pale pale penye mabati, anahema, kilemba kimemlegea, akamkamata jike kwa mkono mmoja kama mtu aliyezoea kubeba magunia.

"Mama," akasema, "huyu mtu wako ameomba talaka."

"Naona."

"Ulimletaje jana?"

Nikamwambia. Akafumba macho, akayafumbua. "Lete gunia."

"Gunia hapana. Hawa si…"

"Mama, unataka heshima au unataka paka aishi?"

Mtu mwingine angeniambia hivyo uani kwa baba yangu, angetoka na kitu cha kukumbuka. Lakini uani wenyewe haukuwapo tena, palikuwa na kifusi. Nikaleta gunia langu la mchele. Akamtia jike ndani na mtoto wake, akafunga mdomo kwa kamba, akaacha nafasi ya hewa.

"Nitamzungusha soko zima ndipo nimrudishe," akasema. "Halafu nitawafungia stoo mpaka waizoee. Na wewe usije."

"Hata kuwaona?"

"Akisikia sauti yako hatakaa. Usije mpaka nikuite."

Nilitaka kumuuliza, utaniita kweli? Nikamtazama, kilemba pembeni, gunia linacheza mkononi mwake, nikaona huyu si mtu wa mkekani. Sikumuuliza.

Alibaki shume. Mkandarasi alileta mlinzi, mzee mwenzangu, anakaa kwenye kiti cha plastiki na redio ndogo. Asubuhi ya kuondoka mwanangu ananiita garini, na mie nimesimama na shume miguuni. Nikamwambia mlinzi, "Huyu hana pa kwenda, na mie sina pa kumpeleka. Kama humtaki sema humtaki."

Mlinzi akainuka, akaokota sahani ya bati iliyobaki kwenye kifusi, akaipangusa kwa shati, akamega nusu ya kitumbua chake cha chai akaweka. Akaisukuma chini ya kiti kwa mguu. Shume akaenda akanusa, akala, akajilaza kivulini chini ya kiti kile. Nikapanda gari.

Sasa nakaa Upanga. Ngazi ni nyingi, chumba kisafi, mkwe wangu anapumua vizuri. Mama wa dukani amenipigia mara moja. "Wanakula," akasema. "Mkubwa amekamata panya wawili. Usije bado." Akakata. Hana maneno ya kufungia simu.

Kariakoo bado naenda, siwezi kununua kitunguu kwa bei ya huku. Lakini maharage nanunua kwa mtu mwingine, na mtaa wa pili siupiti. Siku moja tu ilinibidi nipite nyuma ya lile duka, barabara zote zimezibwa na malori yanayoshusha mzigo. Nikatembea taratibu, kanga nimeishusha usoni. Dirisha la stoo liko pale, dogo, lina wavu. Nikasikia kitu kinakwaruza magunia ndani.

"Shikamoo bibi," akaita kijana muuza soksi kutoka ng'ambo, kwa sauti ya kutosha Kariakoo nzima.

Maisha yangu yote sijaacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini. Nikainua mkono tu, midomo nimeifunga, nikaendelea kutembea.

"Bibi siku hizi anaringa," nikamsikia anamwambia mwenzake. "Ndiyo kuhamia Upanga."

Sikugeuka.